Prosesa Iliyojisahihishia Mtihani

Kila Jumamosi asubuhi, nikishaosha vyombo, nilikuwa nakwenda kwa shangazi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye feni inayokwaruza na harufu ya moshi wa kulehemu. Jamani, nilikipenda chumba kile! Mpaka leo nikinusa harufu ile, moyo unarudi utotoni.

Shangazi alipima prosesa, yaani ubongo wa mashine. Alikuwa na kitabu kilichoeleza kila amri ambayo prosesa inaijua, kama vile jumlisha, toa na linganisha, pamoja na jibu linalopaswa kutoka. Mimi nilisoma kitabu na kujaza jedwali. Kompyuta ililisoma jedwali langu, ikatunga yenyewe maelfu ya programu za majaribio, ikalinganisha majibu ya prosesa na ya jedwali.

Siku moja zilibaki amri kumi. Nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba.

"Bi Haraka! Zamu yako!" waliniita kwa jina langu la utani.

Kitabu nikakiona kirefu. Nikaipa prosesa yenyewe zile amri kumi, nikanakili jedwalini majibu iliyotoa, nikachomoka mbio.

Niliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa kijani kitupu. Shangazi alikuwa anacheza peke yake.

"Prosesa zote zimefaulu! Kesho zinafungwa kwenye mashine za kuwapa joto watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati, hospitalini. Umenisaidia kweli, mwanangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Shangazi, nisamehe. Zile kumi za mwisho sikuzitoa kitabuni. Nilinakili majibu ya prosesa."

Aliacha kucheza. "Yaani mtahiniwa kajisahihishia mtihani mwenyewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi lazima apate mia kwa mia! Haya, vuta kiti."

Tulirudi kitabuni, mstari kwa mstari. Amri ya tisa ikawaka nyekundu: kila mara prosesa ilipotoa namba kubwa kwenye ndogo, jibu lilikuwa la uongo. Mashine ile hutoa joto linalotakiwa kwenye joto la mtoto; kwa jibu lile, ingedhani mtoto ana joto tele, kumbe anapoa.

Shangazi aliwapigia simu watu wa hospitali wasubiri. Kisha akanishika bega, na sauti yake ikawa ya upole.

"Haraka haraka haina baraka, hilo unalijua. Lakini umeniambia ukweli wakati nimeshafurahi, na hapo ndipo ukweli unapokuwa mgumu kusema. Leo kuna mtoto umemwokoa, naye hatakujua kamwe."