Mlango Uliofungwa Polepole

Jioni ile Benedikto alipanda mlima kurudi nyumbani amenuna, mfukoni ana kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Aliona aibu. Fundi seremala wa misheni, aliyeweka milango ya stesheni mpya ya reli kule Morogoro, ameshindwa na mlango wa nyumba yake! Tangu bintiye Rosa azaliwe, siku arobaini sasa, mlango ulijibamiza kila kengele ya jioni ilipolia. Mtoto akashtuka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Majirani walishaanza kumcheka.

"Baba Rosa, yule ni mama," Scholastika mkewe alimwambia. "Unajua alivyokuwa akiufunga."

Alijua, na hilo ndilo lililomuudhi. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wachanga, enzi nyumba ina mlango wa matete. Mama yake, Theresia, akamganda mpaka akachonga wa mbao, na kila jioni akaubamiza kwa mkono wake mwenyewe, ili kilichowachukua wajukuu wake kisiingie tena. Sasa alikuwa kaburini mwezi wa tatu.

"Mama amelala. Huo ni upepo," alisema Benedikto, akachukua nyundo.

Akapigilia kapi ukutani, akapitisha kamba ya katani kutoka mlangoni, akaning'iniza mfuko wa mchanga. Mlango ukifunguliwa, mfuko unapanda. Ukiachiwa, unashuka na kuuvuta. Bawaba akazibana kwa vipande vya ngozi, ili mlango uende polepole hata ukisukumwa kwa nguvu. Akakwangua ukingo wa mlango, unga wa mbao ukatapakaa sakafuni. Akaujaribu. Mlango ukajirudisha taratibu, ukatulia kimya. Benedikto akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kengele ikalia.

Nje hakukuwa na upepo. Hata jani la mgomba halikutikisika.

Mfuko ukaanza kupanda.

Kidogo... kidogo... Kamba ikalia kwenye kapi. Mlango ulikuwa unafunguka, na kizingitini hapakuwa na mtu. Ikaingia harufu ya nywele zilizoungua.

"Harufu ile ile," Scholastika alinong'ona, Rosa kifuani. "Ya siku aliyokufa mwanetu Yohana."

Mara mlango ukatetemeka. Kitu kiliusukuma kutoka ndani, kwa nguvu, kwa pupa ya mtu aliyechelewa. Ngozi zikalia kwenye bawaba. Mlango ukajikokota polepole, kama Benedikto alivyoutengeneza, na ile nafasi ikabaki wazi.

Ndipo alipoelewa. Siku zote arobaini mama alikuwa akifunga, na leo yeye ndiye aliyemzuia.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. Akanyakua patasi, akang'oa ngozi ya juu, akang'oa ya chini.

BAMU!

Kuta zikatikisika. Harufu ikakatika. Mfuko ukaning'inia, umetulia.

Benedikto akainamisha taa. Kwenye unga wa mbao kulikuwa na nyayo, ndogo, za miguu mitupu. Zilitoka kizingitini mpaka kitandani alipoketi mkewe. Alitafuta za kurudi, hakuziona.

"Amelala?" aliuliza.

"Amelala," Scholastika alijibu, bila kumtazama mtoto.

Benedikto akanyoosha mkono afunue shuka la mtoto, akaurudisha. Mlango ulikuwa umebamizwa kuliko siku zote, na Rosa hakulia.