Barua ya Baba na Mama

Kila siku baada ya masomo, Rhobi alibaki kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, Kigera, Musoma. Hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Baba yake alishafariki, mama alifanya kazi Geita, na Bibi, aliyemlea, alirudi kutoka sokoni jioni. Wenzake walipoongea habari za wazazi wao, Rhobi alijifanya yuko bize.

Muhula huo Mwalimu Machage alimpa kazi. Programu ya shule haikuwa na kurasa za kutazama. Ilihifadhi na kutoa taarifa tu. Ili itume barua za mkutano wa wazazi kwa baruapepe, Rhobi aliandika kiolezo, yaani barua moja yenye nafasi wazi, kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Programu ingezijaza kwa kila mwanafunzi, igeuze barua nzima kuwa maandishi, kisha iyatume.

"Hakuna ukurasa wa kukuonyesha kosa," Mwalimu alimwonya. "Yalete maandishi kwenye skrini, usome barua moja moja kabla ya kutuma."

Nafasi ya kwanza ilikuwa ya jina la mlezi. Rhobi alipojaribu, barua yake ilianza: "Kwa Bibi Kwangu, mlezi wa Rhobi." Kwangu lilikuwa jina la bibi yake. Aliona aibu, maana klabu nzima ya kompyuta ingeiona kwenye skrini. Akaifuta nafasi ile, akaandika: "Kwa Baba na Mama." Barua zote zikawa hivyo. Kwa dakika chache alijisikia kama watoto wengine.

"Umezisoma zote?" Mwalimu aliuliza.

"Nimesoma, Mwalimu," alijibu, ingawa hakusoma hata moja.

Siku ya mkutano viti vitano vilibaki vitupu. Rhobi alikaa kando ya kimojawapo, akitazama mlango. Hakuwahi kuwa mpweke kiasi kile.

Nyumbani alimkuta Bibi akichambua dagaa, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Bibi, mbona hukuja?"

"Nilishavaa, mjukuu wangu. Nikaisoma tena barua kwenye simu, inaita baba na mama. Mikutano yote nilikuwaga naenda. Safari hii nikaona siyo mimi wanayemtaka."

Rhobi alilia. Asubuhi alimweleza Mwalimu yote, pamoja na uongo wake.

Mwalimu alikunja uso. "Wanafunzi wengine wanne ambao viti vya walezi wao vilibaki vitupu wanalelewa na shangazi na wajomba. Walezi hao nao waliona hawakuitwa. Mkutano wao na bibi yako utakuwa Ijumaa. Andaa barua upya."

Rhobi alirudisha nafasi ya mlezi. Safari hii alisoma kila barua kwa sauti, mpaka yake.

Ijumaa Bibi alikuja na kitenge kilekile. Mwalimu alimwita Rhobi pembeni.

"Uliona aibu, ukamfuta anayekulea. Usimwonee aibu tena. Na ukisema umesoma, uwe umesoma kweli."

"Ndiyo, Mwalimu."

Rhobi alirudi kukaa. Bibi alikuwa ameshika simu, akimwonyesha jirani yake wa kiti ile barua mpya.

"Hii ni yangu," alisema. "Wameandika jina langu."