Hedifoni Nyekundu na Lori la Taka

Karibu kila jioni, Peishan akishamaliza kula, kazi yake ilikuwa kutega sikio. Lori la taka la mtaani kwao Taipei lilikuja likipiga muziki, na muziki ukisikika tu, kila mtu alishuka mbio na mfuko wake, kwa kuwa kuacha taka barabarani ni marufuku. Peishan alipeleka mfuko wa kwao na wa Bibi Tsai wa ghorofa ya chini, ambaye magoti yalimsumbua.

Tatizo lilikuwa kelele. Chini ya dirisha lao palikuwa na gereji ya pikipiki, na mtihani ulikuwa umekaribia. Mama yake, aliyesafiri kwa treni kila wiki kikazi, akakubali wanunue hedifoni za kuzuia kelele, wazitumie wote wawili. Dukani muuzaji aliwasha feni kubwa, akamvisha Peishan hizi na zile azijaribu.

"Hizi nyeusi ni za bei nafuu, hazibani, na zina kitufe cha kuruhusu sauti za nje," alisema. "Nyekundu bei ni hiyohiyo. Zinazuia zaidi, ila kitufe hazina."

"Chukua nyeusi," Mama alisema. "La sivyo, lori utalisikiaje?"

"Nitalisikia, Mama! Kwani mimi kiziwi?"

"Haya, bingwa. Ukilikosa hata mara moja, zinarudi dukani."

Jumanne Peishan alivaa nyekundu zake, akazama kwenye hesabu. Raha iliyoje! Alipozivua, majirani walikuwa wanapanda ngazi mikono mitupu. Lori lilikuwa limekwenda zake, na Jumatano huwa haliji.

Mifuko yote miwili ilikuwa mlangoni, ule wa Bibi Tsai umejaa vichwa vya samaki, na Mama alikuwa njiani kurudi. Peishan akashuka, akaisukumia chini ya ngazi, nyuma ya baiskeli mbovu. "Nitaitupa Alhamisi," alijiambia. Lakini Alhamisi Mama alifuatana naye hadi kwenye lori, akipiga soga na majirani, na Peishan hakuthubutu hata kuitazama ile baiskeli. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia ukutani.

Ijumaa alipotoka shule, uvundo ulimpokea mlangoni. Mzee Hung, msimamizi wa jengo, alikuwa amesimama mbele ya Bibi Tsai, ameziba pua.

"Harufu hii inatoka kwako, Bibi. Watu wamechoka."

"Nimepiga deki tangu asubuhi, Mzee Hung. Tazama mikono yangu."

"Deki si dawa. Umezeeka, kukaa peke yako huwezi tena. Nampigia mwanao aje akuchukue."

"Usimpigie! Niliolewa nikaingia nyumba hii. Nipeleke wapi magoti haya?"

Peishan aliganda kwenye ngazi. Akisema, hedifoni zinakwenda na aibu inabaki. Asiposema, Bibi Tsai ndiye anayekwenda. Akatoa hedifoni begini, akazivaa. Kelele za gereji zikakatika, lakini bado aliiona midomo ya Bibi ikiomba, na Mzee Hung akitafuta namba kwenye simu.

Akazivua. "Mzee, usipige! Taka ni zangu. Nimezificha mimi!"

Akaivuta mifuko, maji machafu yakamchuruzikia viatuni. Mzee Hung akarudisha simu mfukoni. "Nisamehe, Bibi," alisema, ameinamisha kichwa.

Bibi Tsai hakumtazama. Alimshika Peishan mkono. "Kumbe si mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Siku nzima naoga, naoga tena. Nilidhani ni mimi ninayenuka."

Peishan akaangua kilio.

Jioni ile alipeleka mifuko kwenye lori, kisha akasugua ngazi yote kwa sabuni. Hedifoni nyekundu zilirudishwa dukani zikabadilishwa na nyeusi. Mama alisafiri nazo, naye Peishan akasoma katikati ya kelele za gereji.

"Kulikosa lori si kitu, mwanangu," Mama alimwambia kabla ya kuondoka. "Ungeniambia Jumanne, ungepoteza hedifoni tu. Ulinyamaza, na bibi wa watu karibu apoteze nyumba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini wewe uliponea: kabla ya kilio, ulisema. Siku nyingine sema mapema, kwa sababu kosa ukilificha, humnukia asiye na hatia."