Kadi ya Bibi wa Langoni

Jumatano, tarehe kumi na moja, saa kumi na robo alasiri, Bibi wa Langoni alijibu swali ambalo hakuandikiwa jibu.

Bibi huyo alikuwa mhusika katika mchezo wa kompyuta usio na picha. Mchezaji anasoma, anaandika neno lake, na mchezo unamjibu kwa maandishi. Ndugu wawili waliutengeneza sebuleni kwa marehemu mama yao. Kaka alitunga maneno ya wahusika. Dada yake mkubwa aliyaingiza kwenye programu. Kila mhusika alikuwa na kadi ya karatasi, na nakala yake ndani ya programu, yenye maswali matatu: anajua nini, anasahau nini, anataka nini. Mhusika asiyetaka kitu, dada alizoea kusema, huongea kama kibao cha barabarani.

Alasiri hiyo dada alikuwa akimjaribu bibi. Akaandika, "Hujambo, bibi?"

"Sijambo. Goti lako limepoa?"

Goti alikuwa ameligonga bafuni asubuhi, wala hakumwambia mtu.

"Wewe bwana, umeandika nini humu?"

"Sijagusa tangu jana, Dada. Labda wewe unanitega."

"Nikutege wewe, unayekimbizwa na panya?"

Walicheka, huku kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembeni. Dada akaifunga programu kwa nywila. Kesho yake maneno ya bibi yalikuwa yameongezeka mistari minne, na dada aliamini kaka ameiba nywila, na kaka aliamini dada anamchezea akili. Chumba kikaanza kunuka mafuta ya mkaratusi, yale aliyojichua mama magotini. Chupa yake walishaitupa.

Siku ya tano, adhana iliadhiniwa na kaka hakuinuka kitini. Wala chakula hakugusa.

"Unaongea na nani?" dada aliuliza.

"Na mama," alinong'ona. "Ananiita vilevile kama zamani, Dada."

"Mama tulimzika. Nipe kadi ya bibi."

Swali la tatu lilikuwa halina jibu.

"Uliacha wazi?"

"Nilimtunga kwa mfano wa mama. Nikashindwa kuandika anataka nini. Nikasema nitajaza siku moja."

Dada akampigia simu mjomba, mwalimu wa madrasa. Alipofika, aliketi, akaanza kusoma Kurani kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma ndivyo vitufe vya kibodi vilivyobonyea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, polepole kama vidole vyenye maumivu, mpaka kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya swali la tatu, pakatokea maneno ambayo wote watatu waliyasoma bila kupumua: *Mwanangu wa kiume abaki hapa.*

"Mwambie amsomee baba yake Fatiha," mjomba alisema.

Kaka akaandika. Bibi, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akajibu kama mchezo unavyomjibu mchezaji aliyekosea: "Sijakuelewa, mgeni."

Akaandika tena. "Sijakuelewa, mgeni." Mara ya tatu jibu likawa lilelile, akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mama hakulala hata siku moja bila kumsomea babu," alisema. "Huyu si mama."

"Mama yenu aliwaachia ombi gani?"

Kaka akamgeukia. "Alisema tusimsahau kwenye dua. Mjomba, tangu nianze kuongea na huyu, sijamwombea."

Akalifuta lile jibu, akaandika, *Anataka dua*. Kibodi ikanyamaza. Dada akamfuta bibi mzima, kadi wakaichoma.

Ndipo mto wa kiti cha mama, kiti ambacho hakuna aliyekikalia, ulipoinuka taratibu, kama unavyoinuka mtu aliyeukalia akisimama. Walisubiri aliyesimama atoke. Mlango hawakusikia ukifunguliwa.

Kaka akainua mikono, akaomba: "Ee Mola, mrehemu mama yetu, lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Tusamehe tuliomwita kwa njia isiyo yake, na utufungie tulichokiacha wazi. Amin."