Kaseti Isiyopulizwa

Jioni ile Kidole alitumwa kitu kimoja tu: pampu ya pumu ya bintiye.

"Famasi, halafu nyumbani," mkewe alimwambia. "Na mimi nataka kwenda kumwona dada. Nakujua wewe, usinipitie kwenye magemu."

Jina la Kidole alilipata utotoni kwa jinsi alivyobonyeza pedi ya gemu. Sasa ni mtu mzima, fundi wa feni, upara umeshaanza kubisha hodi, lakini mtajie gemu za zamani uone kama atakumbuka kula. Na mwezi huo ile gemu ya mwanaanga ilikuwa imetolewa upya, kaseti ya kijivu vilevile kama zamani, kwa bei ya kumtoa mtu machozi.

"Wameifuta vumbi tu, wanatuuzia bei ya friji!" alimlalamikia kila mteja aliyeleta feni.

Alilalamika, na huku anaitaka. Gemu ile alikuwa akiicheza na kaka yake, kwa sheria ya kila nyumba yenye pedi moja: ukifa, mpe mwenzako. Kaka alikuwa na vituko vyake. Kila mlango, wa kwenye gemu na hata wa jikoni kwao, aliruka mara mbili kabla ya kupita. Ni yeye peke yake aliyemwita Kidole "Dogo". Siku kifua kilipombana, alikuwa ameketi kando akisubiri zamu yake. Wakamkimbiza hospitali. Hakurudi. Na kifua kile, miaka mingi baadaye, kikarithiwa na mtoto ambaye hakuwahi hata kumwona baba yake mkubwa.

Basi, pampu mfukoni, miguu ikampeleka kulekule alikokatazwa.

Mwisho wa ujia wa maduka ya simu palikuwa na mwanamke mwenye meza ndogo. Amejifunga kitambaa puani na mdomoni. Mezani, kaseti moja. Ni ile ile. Akamtajia bei ya balbu.

Kidole aliigeuza mara mbili tatu. Nailoni yake haijachanwa. Rahisi ghali, alijikumbusha.

"Ya wizi hii?"

"Siuzi vya wizi."

"Basi feki."

"Kacheze uone." Mwanamke akainama, sauti ikashuka. "Ila usiipulize. Wenzako wote wanaipuliza."

"Nipulize vumbi gani, mama, na kitu ni kipya?"

Mwanamke hakucheka. Kidole alilipa, akaondoka akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache, na kila akigeuka anakuta anatazamwa.

Nyumbani, mkewe alichukua mkoba akatoka. Mtoto alikuwa amelala nyuma ya pazia. Kidole akaishusha mashine ya zamani kutoka juu ya kabati, akachomeka kaseti.

Kwenye TV, chenga tupu.

Sasa, aliyekulia kwenye gemu zile anajua mkono hufanya nini hapo. Huuliza kichwa? Hauulizi. Ulichomoa kaseti, ukaileta mdomoni. Kidole alimkumbuka yule mwanamke wakati pumzi imeshatoka.

Pfuuu...

Kukanuka mafuta ya kuchua. Yaleyale ya karafuu, ambayo mama yao alimpaka kaka kifuani usiku wa baridi. Yalinuka kutoka ndani ya kaseti mpya.

Alipoichomeka tena, picha ilikuja safi. Mwanaanga amesimama mbele ya mlango wa kwanza. Pedi iko sakafuni, haijaguswa.

Mwanaanga akaruka.

Akaruka tena.

Akapita.

"Kaka?" Kidole alinong'ona.

Alilia, na yalikuwa machozi ya furaha. Akili ilimwambia hapa pana jambo, lakini moyo ulishatangulia. Chenga ziliporudi, alichomoa akapuliza. Mlango wa pili ukapitwa. Chenga. Mara ya tatu akavuta pumzi ya chini kabisa, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Ndipo akasikia.

Hiii... hiii...

Nyuma ya pazia.

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, midomo ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka. Kidole akambonyezea pampu. Hewa haiingii. Akabonyeza tena. Haiingii! Alipogeuka kutafuta msaada, macho yakaangukia kwenye TV. Mwanaanga alikuwa ameuacha mlango. Alikuwa amegeuza uso, anatazama pazia.

Kidole aliruka akaing'oa kaseti.

Mtoto akavuta pumzi moja ndefu, yenye sauti, kisha akalala kana kwamba hakuna kilichotokea.

Asubuhi Kidole aliirudisha kaseti. Mwanamke alikuwa palepale. Kabla hajasalimiwa, alimwekea Kidole pesa yake mezani.

"Uliipuliza."

"Mama, kuna nini humu ndani?"

Aliichukua kaseti, akashusha kitambaa, akainusa bila woga wowote. "Sasa hamna kitu."

"Sasa? Na jana?"

"Nilikukataza," alisema, akiitia mkobani. "Mlango hufunguliwa na mwenye nyumba. Chukua pesa yako, baba. Kaseti tupu haina bei."

Kidole alirudi nyumbani mbio. Alimkuta mkewe anaimba.

"Mwanao leo hajakohoa hata mara moja," mkewe alisema. "Hiyo pampu umenunua wapi? Siku nyingine nunua hiyohiyo."

Kidole aliketi mbele ya TV iliyozimwa. Akasikia nyayo za mtoto zikitoka jikoni. Zikafika mlangoni.

Zikasimama.

Akaruka.

Akaruka tena.

Akapita. Akaja akaketi sakafuni kando yake, karibu kabisa, ananukia karafuu. Akakinga kiganja, kama mtu aliyesubiri muda mrefu na subira imemwishia.

"Dogo," alisema yule mtoto, aliyemwita baba tangu siku alipojua kusema. "Zamu yangu."