Mkono wa Kulia wa Shoto

Jumatano asubuhi, Kocha alifungua ukumbi wa mazoezi akakuta kabati lake limevunjwa. Kufuli lilikuwa sakafuni na mlango umebaki kwenye bawaba moja. Makombe yalikuwepo yote. Hata pakiti ya biskuti haikuguswa. Kilichokosekana ni bahasha moja yenye picha ya eksirei.

Saa moja kamili redio ikaeleza kwa nini. Mtabiri wa ndondi, mtu ambaye hakuwa amekosea pambano hata moja mwaka mzima na hakuruhusu yeyote asahau hilo, alikuwa amesema wiki mbili mfululizo kwamba Shoto, bondia wa Kocha, atashinda Jumamosi, raundi ya tatu. Sasa aligeuza maneno.

"Nafuta utabiri wangu. Mkono wa kulia wa Shoto umepasuka mfupa. Akipiga nao, utavunjika. Atapigwa, tena mapema."

Inspekta alifika saa mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwingi wa subira, asiyejua lolote kuhusu ndondi. Alipoambiwa pambano ni la uzito mzito mwepesi, aliuliza kama walishindwa kuamua.

"Picha ilikuwa ya mkono gani?"

Kocha alifunga mlango kwanza. "Wa kushoto, afande. Ndio anaopigia, ndiyo maana tunamwita Shoto. Una ufa mdogo tu. Chama cha ndondi wakijua watafuta pambano, na mimi nimeusubiri ubingwa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Na akipigana nao?"

"Utamuuma kidogo."

"Daktari alisema kidogo?"

Kocha alitazama sakafu. "Alisema huenda asikunje ngumi tena maisha yake yote."

Inspekta hakupenda jibu hilo, na hakujisumbua kulificha hilo usoni. "Nani walijua?"

"Wanne. Mimi, Shoto mwenyewe, daktari wa hospitali aliyempiga picha, na Vidole, mkandaji wetu wa misuli. Hata mama yake Shoto hajui. Na juzi Vidole alionekana akinywa chai na huyo Mtabiri. Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Nimeshamfukuza."

Inspekta akainama kwenye kabati. Mbao kuzunguka kufuli ilikuwa imechubuliwa kila upande, kwa bisibisi iliyoteleza tena na tena. "Nguvu anazo huyu," alisema. "Ustadi ndio hana."

Vidole alipatikana nje, amekalia begi lake.

"Ulikunywa chai na Mtabiri?"

"Nilikunywa. Ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu. Nisinywe naye chai?"

"Mliongea nini?"

"Bomba la jikoni kwao linavuja, dada kanituma nimkumbushe. Anajua nani ataanguka Jumamosi, lakini bomba lake limemshinda."

"Mkono mbovu ni upi?"

"Wa kushoto. Nimeukanda kila jioni. Hivi afande, mimi nikitaka kutoa siri, niitoe na makosa?"

Mchana daktari wa chama akaja, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aliushika mkono wa kulia wa Shoto, akaubonyeza kila kifundo, akaenda naye hospitali kuupiga picha. Akarudi na jibu: mkono mzima kabisa, pambano lipo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kocha alicheka mpaka akakohoa. Shoto alikaa kwenye benchi, akajifuta uso kwa taulo, na taulo ikabaki usoni muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Mtabiri alipoulizwa studioni, alianza na hotuba kuhusu heshima ya kazi yake. Inspekta alimwacha aimalize.

"Sijui alikuwa nani," hatimaye alisema. "Alipiga simu usiku, kaziba mdomo kwa kitambaa. Nilitangaza neno kwa neno alivyoniambia."

"Alisema wa kulia?"

"Mara mbili. Tena akanisihi, chama cha ndondi lazima kisikie."

"Akutumie habari ya kumsaidia mpinzani wa Shoto, halafu aombe chama kisikie?"

"Mimi natabiri mapambano, afande. Watu siwatabiri."

Alhamisi Inspekta alikwenda nyumbani kwa kina Shoto, kuuliza kijana alirudi saa ngapi usiku wa wizi. Mama yake alikuwa anaandaa meza. Kwenye kiti kulikuwa na gauni jipya, bado lina pini za fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakula kwanza, maswali baadaye." Akamgeukia binti yake. "Kaka yako anakuja sasa hivi. Kijiko chake mwekee kuliani."

Binti akakiweka kushoto kwa sahani. Inspekta akakitazama kile kijiko. Mama akacheka.

"Hapa kwetu ndivyo. Alipokuwa mdogo baba yake alitaka kumfunga mkono kwa kitambaa, ale kama watu. Nikamwambia, mume wangu, mkono wa kulia ni ule mtu anaolia chakula. Mtoto analia kwa huu, basi huu ndio wake wa kulia. Tangu siku ile ubishi ukaisha, na yeye mwenyewe kakua akisema hivyo."

"Na redio ulipoisikia?"

"Nilishtuka, lakini wenye redio kulia kwao ni kulia kwa watu wote. Daktari si kasema mzima? Jumamosi nakaa mstari wa mbele na gauni langu."

Inspekta alikula, akashukuru, akaondoka na huzuni ambayo chakula kile kizuri hakikuiondoa.

Jioni aliwakusanya ukumbini: Kocha, Shoto, Mtabiri, na Vidole aliyekataa kuingia zaidi ya mlango.

"Aliyepiga simu aliujua ufa," alianza. "Wanaoujua ni wanne. Daktari aliyempiga picha ndiye aliyeweka alama ya kushoto kwenye picha ile. Vidole ameukanda huo mkono. Kocha ameuficha. Hakuna hapo wa kuchanganya pande."

"Basi Mtabiri alisikia vibaya," alisema Kocha.

"Alisikia vizuri. Ipo nyumba moja ambako mkono wa kushoto wa mtu mmoja huitwa wa kulia. Nimekula humo leo mchana. Lakini nyumba hiyo haijui habari ya ufa. Mama mwenye nyumba kashona gauni la kuvaa Jumamosi. Anayeujua ufa, na anayezungumza kama wa nyumba ile, ni mmoja tu. Bisibisi ilimteleza kwa sababu mkono aliouzoea ulikuwa unauma."

Shoto hakungoja kutajwa.

"Humu ukumbini najichunga, nasema kushoto kama nyinyi. Ila usiku ule niliogopa, na nilipoogopa nikaongea kama nyumbani. Nilikuja kujua nimekosea redio iliposema."

"Ulimi hauna mfupa," alisema Inspekta. "Picha iko wapi?"

"Chini ya godoro. Nilitaka kumpelekea daktari wa chama. Nikafika mlangoni kwake, nikarudi. Nikaona bora Mtabiri aseme, wanipime, wafute wao, na mimi nisiwe nimekimbia. Wakanipima mkono mzima."

"Ungeniambia mimi!" Kocha alifoka.

"Nilikuambia, Kocha. Siku ya picha. Ukasema bondia haumwi mkono, anaumwa moyo."

Kocha akasogea, sauti imeshuka. "Kunja ngumi."

Shoto alijaribu. Vidole vya mkono wa kushoto vilifika nusu, vikagoma. Kocha aliutazama mkono ule kama mtu aliyeonyeshwa kwa mara ya kwanza, kisha akatoa simu, akawapigia chama, akasema bondia wake hapigani Jumamosi wala mwezi ujao. Alipomaliza macho yalikuwa mekundu.

"Inaniuma," alisema. "Sitakudanganya, mwanangu, inaniuma sana. Na kabati ni langu, afande. Sishtaki mtu."

Shoto akageukia mlangoni. "Kaka Vidole. Nilikuona umefukuzwa kwa ajili yangu, nikakaa kimya. Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema Vidole, "lakini si leo. Leo simama, twende hospitali."