Msipresi wa Gisubizo

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji bondeni. Nikipanda kurudi, nilimwaga kikombe kimoja kwenye msipresi mdogo uliosimama ukingoni mwa shamba letu la maharagwe. Mama aliupanda miaka mitatu iliyopita, tuliporudi Masisi kutoka Mpofi, upande wa Walikale, tulikokimbilia vita. Mdogo wangu Gisubizo alikufa huko kwa homa, akazikwa huko. Mpofi ni mbali. Mama hakuweza kwenda kupalilia kaburi, basi alipalilia mti.

Habari hiyo nilimweleza mtu mmoja tu: rafiki yangu Astrid, siku tuliyokuwa tukichambua maharagwe. Aliapa hataisema.

Mwezi wa Desemba, katekista wetu, Papa Léopold, alitukusanya sisi watoto wa kwaya. Mchuuzi mmoja wa Rubaya alikuwa ametuzawadia mti wa Krismasi wa plastiki. Papa Léopold aliutoa katika katoni, akausimamisha. Ulikuwa umepinda, na majani yake yalikuwa yakidondoka.

"Iko sawa fagio!" Samy alisema.

"Fagio ya kwetu iko na nywele mingi kuliko hii," Astrid akajibu. Tulicheka hadi Papa Léopold naye akacheka.

"Basi muchague," alisema. "Huu, ao wa kweli. Lakini wa kweli, muombe kwa mwenyewe."

Niliinua mkono. "Papa, wa kweli iko na harufu. Huu hauna kitu."

Wenzangu walinipigia makofi, nami nikajivuna.

"Mi najua fasi iko moja ya muzuri," Astrid alisema. "Nitaenda kuomba."

Sikumwuliza ni wapi.

Tarehe ishirini na nne, mchana, nilikwenda kanisani kwa mazoezi. Mti ulisimama ndani ya ndoo iliyojaa mawe, umepambwa kwa pamba na karatasi za kung'aa. Harufu yake ilinifurahisha. Kisha nikatazama juu. Ulikuwa na ncha mbili, kwa sababu mbuzi aliwahi kuila ile ya kwanza. Nilijua msipresi mmoja tu wa namna hiyo, ule niliomwagia maji asubuhi ile ile.

"Astrid, huu muti mulikata wapi?"

Alitazama miguu yake. "Verdiane, usikasirike. Iko Noëli."

"Uliomba Mama?"

"Nilizani atakatala."

"Ulijua iko wa Gisubizo!"

"Ni muti tu. Na wewe njo ulisema tutafute wa kweli."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Nilikimbia nyumbani, maana nilitaka Mama asikie kutoka kwangu. Nilimweleza yote. Alikwenda ukingoni, akashika kisiki, kisha akateremka kanisani na udongo wa shamba miguuni. Kwaya iliacha kuimba.

"Mama Verdiane, kuko nini?" Papa Léopold aliuliza.

"Papa, huu muti njo kaburi ya mutoto wangu. Jina yake Gisubizo. Alikuwa na miaka ine."

Hata Samy aliinamisha kichwa. Astrid akaanza kulia. "Ni mi nilionesha bale bijana ba kukata. Nilidanganya, nikasema Mama alikubali."

"Tuurudishe nyumbani?" Papa Léopold alimwuliza Mama.

Mama aligusa matawi ya mti. "Hapana. Mumuache. Leo bamuimbiye."

Jioni ile, kabla ya misa, Papa Léopold alipanda nasi shambani na fimbo na kamba. Vijana walikuwa wameukata mti kwenye usawa wa goti, na matawi mawili ya chini yalibaki, mabichi. Aliinua moja, akalifunga kwenye fimbo lisimame wima. "Hili litashika kazi ya ncha," alisema. Astrid alimwomba Mama radhi, kisha akaanza kujenga uzio wa kuzuia mbuzi. Mimi sikumsaidia.

Papa Léopold alituita sote wawili.

"Wa kweli ao wa plastiki, shida haiko pale. Astrid, kitu ya mutu haikatwe bila yeye kukubali. Na mwenzako alikupa siri uichunge, hakukupa uitumie. Verdiane, na wewe ulipenda makofi, ukasahau kuuliza muti utatoka wapi."

"Papa, nimusamehe leo leo?" niliuliza.

"Kusamehe ni kazi yako, na leo iko siku ya muzuri. Lakini kufanya umuaminiye tena, ile ni kazi yake."